Si Kila Utando Baharini ni Uchafu: Kuwaelewa Zooplanktoni wa Pwani ya Mombasa

Kila msimu wa kaskazi, bahari ikilala shwari, ubishi ule ule hurudi. Mtu amepiga picha mistari ya kahawia inayoelea nje ya miamba ya Nyali, ameituma kwenye kundi la mtaa, na kabla ya adhuhuri watu wamegawanyika. Kuna wanaosema meli imemwaga mafuta. Kuna wanaosema ni maji taka. Na kuna waliosoma kidogo wanaosema ni planktoni, tuwaache, hao ndio wanaotupa oksijeni.

Wawili wa kwanza hawasemi jambo lisilowezekana. Aprili 2005 meli ya mafuta ilitoboka katika bandari ya Kilindini na mikoko ya hori la Port Reitz ikapakwa mafuta, na kuhusu maji taka kuingia baharini hapa Mombasa hakuna anayehitaji kuambiwa, pua zinatosha. Wa tatu wamekaribia, ila wamewachanganya wanaokula na wanaoliwa. Nadhani hapo ndipo tunapopotea. Tukiona kitu tusichokijua majini tunauliza ni safi au ni kichafu, ilhali swali lenye faida ni nani anamla nani, na akishakula anatoa nini.

Tuanze na majina. Planktoni ni kiumbe yeyote wa majini asiye na nguvu za kushindana na mkondo. Anaweza kuogelea, lakini mkondo ukielekea Malindi naye ataelekea Malindi. Ukubwa si kigezo: yavuyavu mwenye upana wa sinia ni planktoni sawa na kiumbe asiyeonekana bila darubini. Wale wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama mimea ya nchi kavu, huitwa fitoplanktoni. Wale walio wanyama, ambao lazima wale ili waishi, ndio zooplanktoni.

Picha iliyo rahisi kushika ni ya malisho. Fitoplanktoni ni nyasi, zooplanktoni ni mbuzi, dagaa na vibua ndio wala mbuzi. Na samadi ya mbuzi huotesha nyasi upya. Nitairudia picha hii, kwa sababu karibu yote yaliyobaki yamo ndani yake.

Mbuzi walio wengi zaidi ni kopepodi, jamaa wadogo wa kamba na kaa. Kopepodi wa kawaida ana urefu wa milimita moja au mbili, na wengi hawafiki hata hapo. Ana papasi ndefu za kunusia maji na kuhisi mtikisiko, na miguu inayomrusha ghafla akitishwa, ndiyo maana ukimtazama ndani ya gilasi utamwona kama chembe inayorukaruka. Watafiti humhesabu miongoni mwa wanyama walio wengi kuliko wote duniani. Pamoja naye wako krili wanaofanana na kamba wadogo, minyoo myembamba inayowinda kopepodi, konokono wadogo wanaoogelea kwa mabawa, na yavuyavu wa kila namna.

Hao huishi maisha yao yote wakielea. Wengine ni wapita njia tu. Kaa, kamba, kambakoche, chaza, pweza, matumbawe, changu, chewa: karibu wote hawa huanza maisha wakiwa zooplanktoni, viumbe wadogo wenye maumbo ya ajabu ambayo huwezi kuyafananisha na wazazi wao. Kaa wa mikoko huachilia watoto wake maji ya bamvua yanapotoka, mara nyingi usiku, ili mkondo uwapeleke nje mbali na samaki wa horini. Wiki chache baadaye waliobaki hurudi wakiwa wamebadilika umbo, wakitafuta pa kukaa. Kwa hiyo mtu anayesema zooplanktoni hawamhusu, na jioni anakula samaki wa kupaka, hajajua kwamba yule samaki alikuwa mmoja wao.

Sasa ile mistari ya kahawia. Nyakati za kaskazi mara nyingi ni Trichodesmium, bakteria wanaojilisha kwa jua kama mmea, walioungana wakawa nyuzi fupi. Huelea kwa msaada wa vifuko vya gesi vilivyomo ndani ya seli zao, na upepo ukipungua hujikusanya juu kwa mistari mirefu. Si zooplanktoni hata kidogo. Ni nyasi, tena nyasi za pekee, kwa sababu huweza kuichukua naitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini na kuigeuza mbolea, kazi ambayo mimea mingi ya baharini haiwezi. Mbuzi wengi hawaigusi. Kopepodi mmoja aitwaye Macrosetella gracilis ndiye ameizoea: huila, na watoto wake hukua wakiwa wameng'ang'ania nyuzi zake.

Ukitaka kujua unachokiona, chukua chupa ya kioo, chota maji pale penye mstari, inua kwenye mwanga. Trichodesmium utaiona kama vijiti vidogo vidogo vinavyopanda juu polepole ukiiacha chupa itulie. Zooplanktoni watakuwa wanaruka. Mafuta huacha rangi za upinde wa mvua na hunata kwenye kidole hata ukikisuuza. Maji taka utayajua kabla hujayachota.

Kuhusu oksijeni, ukweli ni huu. Karibu nusu ya kazi yote ya mimea duniani, ya kugeuza hewa ya kaboni kuwa chakula na kutoa oksijeni, hufanyika baharini, na wafanyao ni fitoplanktoni. Zooplanktoni hawatoi oksijeni. Wanaitumia, kama wewe na mimi. Tena oksijeni nyingi inayotengenezwa baharini hutumiwa humo humo, na wanyama, na bakteria wanaoozesha mabaki. Ile tunayovuta leo imelimbikizwa hewani kwa mamilioni ya miaka. Bahari inastahili heshima, lakini si kwa ile hesabu maarufu ya kwamba kila pumzi ya pili tunayovuta inatoka baharini leo hii.

Thamani ya zooplanktoni iko kwingine, na inaanzia katika miili yao.

Mkaushe kopepodi maji yote, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni protini. Karibu nusu ya uzito huo mkavu ni kaboni, na naitrojeni ni sehemu nene pia. Gamba lake ni la kitini, dutu ile ile inayofanya gamba la kamba kuwa gumu. Nyasi anazokula hazina mchanganyiko huo. Kwa kazi aliyoianza Mmarekani Alfred Redfield miaka ya 1930, inajulikana kwamba fitoplanktoni kwa wastani hubeba atomu 106 za kaboni kwa kila 16 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Mwili wa kopepodi unadai naitrojeni zaidi kuliko hiyo kwa kila kaboni. Basi analazimika kuwa mchaguzi: anabakiza kinachohitajika kujenga mwili, kaboni ya ziada anaipumua nje, na protini zinazochakaa mwilini anazitoa kama amonia, moja kwa moja ndani ya maji.

Amonia hiyo ndiyo samadi, na kwa bahari yetu ni jambo zito. Maji ya juu ya Bahari ya Hindi upande huu ni ya joto, kiasi cha nyuzi 25 wakati wa kusi na karibu 29 au 30 mwezi Machi. Maji ya joto hukaa juu ya maji ya baridi bila kuchanganyika nayo kwa urahisi, na mbolea nyingi imelala chini kwenye baridi. Kule juu, kwenye jua, mimea inaishi kwa kutumia virutubishi vile vile tena na tena. Mbuzi anakula, anatoa amonia, nyasi inaidaka pale pale. Bila walaji wa kuirudisha mbolea upesi, shamba lenyewe lingesimama.

Kuna kitu kingine anachopitisha kopepodi, nacho ni mafuta. Yale mafuta ya omega-3 ambayo madaktari wanatuhimiza tuyapate kwa samaki, samaki hayatengenezi kwa wingi yeye mwenyewe. Yanatengenezwa na fitoplanktoni. Kopepodi anayala, dagaa anamla kopepodi, nguru anamla dagaa, na kwenye meza yako yanafika yakiwa na jina la samaki. Kopepodi wa bahari za baridi hujaza miili yao akiba kubwa ya nta ili wavuke miezi ya giza. Wa kwetu hawaweki akiba ya namna hiyo, kwa sababu chakula kipo mwaka mzima ingawa ni kidogo. Ubaya wake ni kwamba chakula kikikatika siku chache tu, wanadhoofika.

Na ile rangi nyekundu ya kamba akiiva? Inatoka huku huku. Mimea ya baharini ina rangi za jamii ya ile iliyomo katika karoti. Kopepodi na kamba huzigeuza kuwa rangi iitwayo astaksanthini, inayowasaidia kujikinga na madhara ya jua. Kamba akiwa hai, rangi hiyo imefungwa ndani ya protini na huonekana ya kijivu au ya buluu. Moto wa jiko huivunja protini, na rangi iliyokuwa imefichwa hujitokeza.

Wavuvi wa zamani hawakuhitaji darubini kujua kwamba bahari ina misimu ya shibe na ya njaa. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Oktoba, upepo unausukuma kutoka nyuma, unakwenda kasi, bahari inachafuka na maji ya juu yanavurugwa hadi kina kirefu, kiasi kwamba mimea inashushwa mbali na jua. Kaskazi inapoingia, kuanzia Novemba hadi Machi, mkondo huo unapunguzwa kasi, na upande wa Malindi na Lamu unakutana na mkondo wa Somalia unaoshuka kusini. Inapokutana, yote miwili hugeuka kuelekea bahari kuu, na maji yenye mbolea hupata nafasi ya kupanda. Ndiyo maana ukanda ule wa bahari ya kaskazini mwa Kenya una sifa ya samaki. Ni majira haya haya papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anapoonekana zaidi pwani ya Diani. Chakula chake ni zooplanktoni na vidagaa.

Ndani ya horini mambo huongozwa zaidi na mvua. Mito ya Kombeni na Tsalu humwaga maji katika hori la Tudor, na Mwache katika Port Reitz. Masika ikishuka, mito hiyo huleta udongo na virutubishi, majani ya mikoko yanaoza, fitoplanktoni wanaongezeka, na kopepodi wanafuata. Maji yanakuwa mazito, ya kijani au ya kahawia, na mgeni anayatazama kwa huzuni akilinganisha na picha za matangazo ya hoteli.

Hapa lazima niseme waziwazi: ule weupe wa maji tunaoutangaza kwa watalii ni dalili ya maji yenye chakula kidogo. Miamba ya matumbawe inaupenda, kwa sababu ina mimea midogo inayoishi ndani yake na inahitaji jua, na usiku matumbawe hutoa mikono yao kukamata zooplanktoni wanaopita. Lakini hori lenye ukungu linaweza kulisha watoto wengi zaidi wa samaki kuliko bwawa la buluu nje ya mwamba. Mwaka 1914 mtafiti wa Norwei, Johan Hjort, alieleza kwamba hatima ya kizazi kizima cha samaki inaweza kuamuliwa katika siku zile chache mtoto wa samaki anapomaliza kiini cha yai lake na kuanza kutafuta chakula. Chakula hicho mara nyingi ni watoto wa kopepodi. Wakiwepo, anaishi. Wasipokuwepo siku ile, hana siku nyingine.

Zooplanktoni wengi wana ratiba ya usiku. Jua likizama hupanda kutoka kina cha mamia ya mita kuja kula juu, na kabla ya alfajiri hushuka tena gizani wasionekane na samaki. Kwa uzito wa viumbe wanaosafiri, huu ndio uhamaji mkubwa kuliko wote duniani, na hufanyika kila siku. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vyombo vya sauti vya Wamarekani vya kutafutia manowari vilionyesha sakafu ya bahari mahali pasipo na sakafu, na sakafu hiyo ilipanda usiku. Ilikuwa wanyama. Nje ya Mombasa bahari huwa kilindi ndani ya kilomita chache tu kutoka ufuoni, kwa hiyo msafara huo unapita jirani yetu. Wavuvi wa dagaa wanaowasha karabai usiku wa giza wanaujua kwa vitendo: taa huwakusanya zooplanktoni, dagaa hufuata chakula, na mbalamwezi ikiwa kali kazi haifai.

Usiku huo huo ndipo watu huona bahari ikiwaka kila kasia linapogusa maji. Wapo wanaolitaja kwa majini, nami sitabishana na mtu aliyeogopa usiku akiwa peke yake baharini. Kilichomo majini ni hiki: viumbe wa seli moja, kama Noctiluca, na baadhi ya kopepodi, wana kemikali inayotoa mwanga wa buluu inapokutana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya. Mwanga hauna joto. Watafiti wengi wanauona kuwa kamsa: kopepodi akiigusa nyasi inayowaka, mwanga humwonyesha mwizi kwa samaki aliye karibu.

Na nyasi hazisubiri kuguswa. Kopepodi hudondosha majini dutu za mafuta ziitwazo kopepodamaidi, kwa kiasi kidogo mno. Baadhi ya fitoplanktoni huzihisi na kujihami: wengine huongeza sumu, wengine huongeza mwanga, wengine, wanaoishi wameungana kama mnyororo, hujikata kuwa vipande vifupi visivyokamatika. Hata ile harufu ya pwani inayokupokea ukiteremka Mama Ngina ina sehemu yake hapa, kwani seli za mimea zikitafunwa hutoa gesi ya dimethili salfaidi, na ndege wengine wa bahari kuu huifuata ili wapate mlo.

Maji yanayowasha ni malalamiko mengine ya kila mwaka, na husingiziwa kemikali za viwanda. Aghalabu ni yavuyavu wachanga au vipande vya mikono yao. Seli zao za kuchoma hufyatuka hata kipande kikiwa kimekatika. Ukichomwa, usisugue kwa mchanga wala usikimbilie maji ya bomba, kwa sababu maji yasiyo na chumvi huweza kufyatua seli zilizobaki. Suuza kwa maji ya bahari, vua nguo ya kuogelea, na kama pumzi inabana au uvimbe unaenea, nenda hospitali bila kungoja.

Kusema hivi si kuwatetea wachafuzi. Nyumba nyingi za Mombasa hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka, na yanayofika Tudor ni mbolea iliyopita kiasi. Nyasi zikizidi uwezo wa mbuzi, zinakufa bila kuliwa, bakteria wanaziozesha, na oksijeni inapungua, hasa usiku. Kopepodi wa aina nyingi hupungua na kubaki wachache wavumilivu, na yavuyavu wengine hustahimili hali hiyo kuliko samaki. Ukungu wa mvua na ukungu wa vyoo unaweza kufanana kwa macho. Tofauti iko kwenye hesabu ya nani amebaki ndani yake, ndiyo sababu watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya iliyopo hapa Mkomani, huvuta nyavu zenye matundu ya sehemu ya milimita na kuwahesabu kwa darubini, mmoja mmoja.

Kuna na hewa ya kaboni. Bahari humeza kiasi cha robo ya ile tunayotoa kwa kuchoma mafuta na makaa. Wengine wamesikia kwamba bahari imegeuka tindikali. Haijageuka. Kipimo chake cha pH kimeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1 tangu enzi ya viwanda kuanza, na bado kiko juu ya 7, mpaka ambao chini yake ndipo maji huitwa tindikali. Lakini kipimo hicho hakiendi kama rula: hatua hiyo ndogo ni takriban asilimia 30 ya ongezeko la asidi. Wale konokono wenye mabawa hujenga magamba yao kwa aina ya chokaa inayoyeyuka upesi, na wa bahari za baridi ndio walioanza kuumia.

La plastiki limefika kwetu tayari. Mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, ulichapishwa ushahidi wa kwanza kwamba zooplanktoni katika maji ya Kenya wanameza chembechembe za plastiki. Majaribio ya maabara kwingineko yameonyesha kinachofuata. Kopepodi aliyejaza tumbo plastiki hula chakula kidogo, hutaga mayai madogo, na mengi hayaanguliwi. Kinyesi chake nacho hubadilika. Kwa kawaida vidonge vya kinyesi hicho, vilivyo vizito, ndivyo vinavyobeba kaboni kutoka maji ya juu hadi kilindini, ambako hukaa muda mrefu. Vikiwa na plastiki ndani huwa vyepesi, huzama polepole, na bakteria wanavivunja njiani kabla havijafika.